Seli za kinga kwenye mapafu ya panya na bakteria wa njia ya hewa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara kutoka kwa wanafunzi wa udaktari na maabara, walimu wa baiolojia, maofisa mifugo na waandishi wa habari za afya. Tumeyapanga kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayoleta ubishi. Pasiposemwa vinginevyo, "panya" hapa ni panya mdogo wa maabara, *Mus musculus*, mwenye uzito wa gramu 20 hadi 30, na bakteria wa mfano ni nimokokasi, *Streptococcus pneumoniae*, anayeongoza kwa kuleta nimonia ya bakteria kwa binadamu.

## Mambo ya msingi

1. Ni seli gani za kinga zinazokaa kwenye mapafu ya panya mwenye afya?

Ukiyaosha mapafu ya panya mwenye afya kwa maji ya chumvi, kisha ukayatazama maji hayo kwa hadubini, zaidi ya seli tisa katika kila kumi utakazoziona ni za aina moja: makrofaji za vifuko hewa. Hizi huishi upande wa hewa, juu ya utando mwembamba ambao oksijeni huupita kuingia kwenye damu. Kazi yao ya kila siku ni kumeza vumbi, mabaki ya seli, na ule ute wa mafuta unaovizuia vifuko visijifunge unapokuwa umechakaa.

Ndani ya nyama ya pafu kuna makrofaji za aina nyingine, baadhi zikikaa kando ya mishipa ya damu na baadhi karibu na neva. Kuna seli za dendriti, ambazo hubeba vipande vya kijidudu hadi kwenye tezi za limfu na kuvionyesha kwa seli T. Kuna seli T zenyewe (huongoza mapambano ya kinga), seli B (hutengeneza kingamwili) na seli NK (huua seli zilizoambukizwa). Kwenye kapilari za mapafu, ambazo ni nyembamba mno, nyutrofili, seli nyeupe za damu zinazowahi kupambana na bakteria, hupita kwa kujibana na nyingine hutulia humo kwa muda, kwa hiyo pafu lina akiba yake hata kabla ya ugonjwa.

Seli za kuta za njia ya hewa na vifuko hazihesabiwi kuwa seli za kinga. Hata hivyo zina vipokezi vya kumtambua bakteria na hutoa wito mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani (swali la 5).

2. Makrofaji za vifuko hewa hutoka wapi?

Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba hutoka kwenye uboho wa mifupa kila siku, zikipitia damu kama monosaiti, yaani seli nyeupe ambazo bado hazijageuka kuwa makrofaji. Kwa panya mwenye afya, sivyo. Chembe mama zake huingia mapafuni panya akiwa bado tumboni, na hukomaa katika wiki ya kwanza baada ya kuzaliwa. Baada ya hapo hujizalisha zenyewe palepale, karibu bila msaada wa damu.

Zinategemea sana homoni moja ya seli iitwayo GM-CSF, ambayo hutolewa na seli za kuta za vifuko. Mwaka 1994 panya walioondolewa jeni la GM-CSF walionekana mapafu yao yakijaa ute usiosafishwa. Miaka mitano baadaye, watafiti wa Japani waligundua kwamba wagonjwa wenye ugonjwa kama huo wana kingamwili zinazoizuia GM-CSF yao wenyewe. Ni mojawapo ya nyakati chache ambapo panya alitangulia na binadamu akafuata kwa karibu kabisa.

Maambukizi makali yakizimaliza makrofaji hizi, nafasi yao huchukuliwa na monosaiti kutoka kwenye damu. Hizo mpya hufanana na za zamani kwa sura, lakini kwa muda fulani huwa na tabia tofauti (swali la 15).

3. Kwa nini panya, na si mnyama mwingine?

Kwanza, kwa nimokokasi panya ni mnyama dhaifu mno. Kabla ya dawa za antibiotiki, hospitali zilikuwa zikichoma makohozi ya mgonjwa kwenye tumbo la panya ili kumpata nimokokasi safi na kujua ni aina gani. Frederick Griffith, London, alitumia panya mwaka 1928 alipoonyesha kwamba nimokokasi hai asiye na kapsuli (ganda lake la nje) anaweza kuchukua sifa ya kuua kutoka kwa nimokokasi aliyekufa. Ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya kujua kwamba urithi umo kwenye DNA.

Pili, jeni moja la panya linaweza kuzimwa ndani ya aina moja tu ya seli, jambo lisilowezekana kwa mgonjwa wa wodini.

Wanyama wengine wana nafasi zao. Simbilisi walitumika Baltimore miaka ya 1950 kuthibitisha kwamba kifua kikuu husafiri hewani: walivuta hewa iliyotoka kwenye wodi ya wagonjwa, nao wakaambukizwa. Bakteria wa *Legionella* naye alipatikana kwanza kupitia simbilisi, baada ya mlipuko wa Philadelphia wa 1976. Panya wakubwa, wa jamii ya *Rattus*, ni muhimu kwa kifaduro (swali la 13).

## Saa za kwanza za maambukizi

4. Bakteria akifika kwenye kifuko hewa, nini hutokea kwanza?

Hukutana na majimaji kabla ya kukutana na seli. Ute wa vifuko una protini zinazomganda bakteria na kumfanya amezwe kwa urahisi, na protini za komplementi hufanya kazi kama hiyo. Kisha makrofaji humshika kwa vipokezi vyake. Kimoja kinachojulikana sana kwa nimokokasi ni MARCO, kikumbuke, kitarudi kwenye swali la 16.

Bakteria aliyemezwa hufungiwa kwenye kifuko ndani ya seli, ambamo hukutana na asidi, vimeng'enya na kemikali za oksijeni. Wakati huohuo vipokezi vya Toll na vingine vya ndani ya seli humtambua: kipokezi cha Toll kiitwacho TLR2 hutambua vipande vya ukuta wa nimokokasi, TLR4 hutambua sumu ya ukuta wa bakteria kama *Klebsiella* na *Pseudomonas*. Makrofaji ikiridhika kwamba jambo ni dogo, hummaliza kimya. Ikizidiwa, hutoa TNF na IL-1, ishara za kuziamsha seli nyingine, pamoja na kemokini, ishara za kuita seli zije.

5. Nani anaziita nyutrofili?

Wengi hujibu "makrofaji", na ni kweli nusu nusu. Makrofaji hutoa kengele ya kwanza, lakini TNF na IL-1 zake huziamsha seli za kuta, nazo hutoa kemokini nyingi zaidi. Kwa panya wito huo ni CXCL1, CXCL2 na CXCL5, ambazo nyutrofili huzisikia kwa kipokezi CXCR2. Seli T za aina ya gama-delta huongeza IL-17, inayozidisha wito na kuuhimiza uboho utoe nyutrofili nyingine.

Nyutrofili huanza kuonekana ndani ya vifuko baada ya saa chache, na kwa kawaida hufikia kilele kati ya saa 24 na 48. Mapafuni hutokea zaidi kupitia kapilari, tofauti na viungo vingine ambako hutokea kwenye mishipa midogo inayofuata kapilari. Hata njia yenyewe hutegemea bakteria: nyutrofili zinazoitwa na *E. coli* huhitaji protini ya kujishikiza iitwayo CD18, ilhali zinazoitwa na nimokokasi zinaweza kupita bila hiyo.

6. Kwa nini dozi ndogo ya bakteria husafishwa bila panya kuumwa, na kubwa humuua?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu alielewe kabla ya kusoma utafiti wowote wa nimonia kwa panya.

Makrofaji za vifuko ni chache kuliko vifuko vyenyewe, na kila moja ina kikomo cha bakteria inaoweza kuwaua. Chini ya kikomo hicho hazihitaji msaada: bakteria huisha, nyutrofili haziitwi, na panya huendelea kula. Ikibidi, makrofaji iliyoshiba bakteria hujiua kwa utaratibu ili kuwamaliza waliobaki ndani yake. Dozi ikipita kikomo, hesabu hubadilika, bakteria huzaana haraka kuliko wanavyomezwa, na hapo nyutrofili ni lazima.

Matokeo yake ni kwamba jeni moja linaweza kuonekana la lazima kwenye dozi kubwa na lisilo na kazi yoyote kwenye dozi ndogo, na majibu yote mawili yakawa sahihi. Ukiona sentensi "seli fulani hulinda dhidi ya nimonia", uliza: kwa bakteria wangapi?

7. Nyutrofili huua bakteria vipi, na kwa nini husemwa zinaharibu pafu?

Humeza, humwaga vimeng'enya, hutengeneza kemikali kali za oksijeni, na hutupa nyavu za DNA zenye protini za kuua. Nimokokasi ana kimeng'enya chake cha kuzikata nyavu hizo, EndA. Pia ana kapsuli ya sukari inayomfanya ateleze asimezwe. Bila kapsuli huwa karibu hana nguvu ya kuua.

Silaha hizo hazibagui. Elastesi ya nyutrofili inayomchana bakteria huchana pia nyuzi zinazolipa pafu mnyumbuko. Vifuko vikijaa usaha na majimaji, oksijeni haipiti, na panya anaweza kufa kwa kukosa hewa hata pale bakteria wanapopungua. Nimokokasi huongeza madhara kwa sumu yake, nimolisini, inayotoboa seli za kuta na makrofaji. Ndiyo sababu pafu linahitaji seli zinazojua kutulia kwa kiasi kilekile linachohitaji seli za kuua.

8. Makrofaji za vifuko hukaa palepale au hutembea?

Kwa muda mrefu tulitegemea picha za pafu lililokatwa vipande, ambazo haziwezi kujibu swali hili. Kisha zikaja hadubini zinazotazama ndani ya pafu la panya hai akiwa chini ya nusukaputi.

Mwaka 2014 kundi la New York lilitoa picha za makrofaji zilizoganda kwenye kuta za vifuko bila kusogea. Zilikuwa zikiwasiliana na seli za kuta kwa mawimbi ya kalsiamu yanayopita kwenye vijishimo vya protini iitwayo koneksini 43, na mawasiliano hayo yalipunguza mwako, yaani vurugu za kinga zinazovimbisha tishu. Mwaka 2020 kundi la Calgary, Kanada, likaonyesha kinyume: makrofaji zikitambaa ndani ya kifuko na kupita kwenye matundu yanayounganisha vifuko jirani, zikiwafuata bakteria na kuwameza kabla nyutrofili hazijawaona. Watafiti walipozuia mwendo huo, nyutrofili zilifurika na pafu likaumia.

Je, nani yuko sahihi? Mbinu za kutazama zilitofautiana, na si lazima zote ziwe na tabia moja. Kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi ni lile makundi yote mawili wanalokubaliana: makrofaji ya kifuko hutuliza. Humficha bakteria asionekane, au huwaambia majirani wapoe. Sifa yake ya kwanza ni kuzuia mwako usianze bila sababu, na kuua ni sehemu ya kazi hiyo.

9. Bakteria wakiisha, nani anarudisha pafu katika hali yake?

Nyutrofili zilizomaliza kazi hufa kwa utaratibu, na makrofaji huzimeza kabla hazijapasuka. Tendo hilo la kumeza huifanya makrofaji yenyewe itoe ishara za kutuliza, kama TGF-beta. Panya walioondolewa makrofaji za vifuko kabla ya kupewa nimokokasi walikuwa na nyutrofili nyingi zaidi mapafuni, zikaendelea kurundikana, na wengi zaidi wakafa. Seli za kuta huzaana na kuziba mapengo. Nimonia ya kawaida ya nimokokasi ikipona, pafu la panya mara nyingi hurudi bila kovu.

## Bakteria mbalimbali, majibu mbalimbali

10. Je, mwitikio ni uleule kwa kila bakteria?

Hapana. *Klebsiella pneumoniae* hupigwa hasa na nyutrofili zikisaidiwa na IL-17, na panya wasio na kipokezi cha IL-17 hufa kwa wingi. *Legionella* anaishi ndani ya makrofaji yenyewe, na hapa nasaba ya panya huamua kila kitu. Panya wengi, wakiwemo wa nasaba ya C57BL/6, wana protini Naip5 inayotambua mkia wa bakteria huyo na kuifanya seli ijipasue na kumnyima makazi. Panya wa nasaba ya A/J wana Naip5 dhaifu, na ndani ya makrofaji zao bakteria huzaana.

11. Kifua kikuu kwa panya kikoje?

Polepole, na kwa njia inayogeuza mengi ya hapo juu. Panya hupewa kwa mvuke bakteria wasiozidi mia moja hivi. Karibu wote humezwa na makrofaji za vifuko, lakini siku za mwanzo makrofaji hizo hazipigi kelele yoyote. Hutoka kwenye kifuko na kuingia ndani ya nyama ya pafu zikiwa na bakteria tumboni. Hupita zaidi ya wiki moja kabla ya seli T kuamshwa kwenye tezi za limfu, na ukuaji wa bakteria hudhibitiwa karibu na wiki ya tatu. Ugonjwa hauishi: bakteria hubaki kwa maisha yote ya panya.

Tafiti mbili za 1993 zilionyesha kwamba panya wasio na intaferoni gama, ishara ya seli T inayoziamsha makrofaji, hushindwa kabisa kuudhibiti ugonjwa. Utafiti wa 2001 ukaonyesha jambo la kushangaza: panya walioondolewa makrofaji za vifuko kabla ya kuambukizwa kifua kikuu waliishi muda mrefu zaidi. Linganisha na nimokokasi kwenye swali la 9. Seli ileile ni mlinzi kwa bakteria mmoja na mlango kwa mwingine.

Tahadhari moja: C57BL/6 hawatengenezi vidonda vyenye kiini kilichooza kama vya binadamu. Panya wa nasaba ya C3HeB/FeJ hutengeneza, kwa hiyo hufaa zaidi kupima dawa zinazopaswa kupenya kwenye vidonda hivyo.

12. Na tauni ya mapafu?

*Yersinia pestis* huanza kwa kimya. Panya aliyeingiziwa bakteria huyu puani hukaa takriban saa 36 bila dalili wala mwako, wakati bakteria wakizaana mapafuni. Wana sindano ya protini inayodunga sumu moja kwa moja ndani ya makrofaji za vifuko, kisha ndani ya nyutrofili, na kuzizima. Kengele inapolia mwishowe, huwa imechelewa na hulia kwa nguvu mno: pafu hufurika damu na nyutrofili zisizoweza kuua, na panya hufa kwa siku chache.

Kwetu hili lina uzito wake. Lushoto mkoani Tanga ilikuwa na milipuko ya tauni kuanzia 1980, Ituri nchini Kongo bado ni makao ya ugonjwa, na Madagaska mwaka 2017 ilikumbwa na mlipuko ambao sehemu kubwa ulikuwa wa mapafu. Kimya cha saa za mwanzo ndicho kinachofanya dawa ya mapema iwe na thamani kubwa kiasi kile.

13. Kwa nini husemwa panya hafai kwa kifaduro?

Kwa kawaida panya mdogo hakohoi kama binadamu. *Bordetella pertussis* huambukiza mapafu yake na husafishwa baada ya wiki kadhaa, lakini kikohozi chenyewe kwa kawaida hakionekani. Panya wakubwa wa *Rattus* hukohoa, na nyani pia. Kwa upande wa seli za kinga, hata hivyo, panya mdogo ametufundisha mengi: kwamba sumu ya kifaduro huchelewesha nyutrofili na kudhoofisha makrofaji, na kwamba maambukizi ya kweli huacha seli T zinazobaki mapafuni na puani.

## Baada ya kupona

14. Je, mapafu hukumbuka?

Ndiyo, tena kwa eneo. Panya aliyepona nimonia nyepesi ya nimokokasi hubaki na seli T za kumbukumbu ndani ya pafu, zisizozunguka kwenye damu. Watafiti wa Boston waliambukiza tundu moja tu la pafu (mojawapo ya sehemu zake kubwa), kisha baadaye wakaleta nimokokasi wa aina tofauti: tundu lililougua mwanzo lilijilinda vizuri kuliko matundu mengine ya panya yuleyule. Seli hizo huziamuru seli za kuta zitoe kemokini haraka. Hulinda hata dhidi ya aina ambayo kapsuli yake ni tofauti, jambo ambalo kingamwili za kapsuli haziwezi.

15. Makrofaji nazo zina kumbukumbu?

Zinabadilika, na mwelekeo wa mabadiliko hutegemea kilichotangulia. Kundi la McMaster, Kanada, mwaka 2018 lilionyesha kwamba baada ya maambukizi ya adenovirusi mapafuni, makrofaji za vifuko zilikaa na utayari wa juu kwa muda mrefu na kulinda dhidi ya nimokokasi. Mabadiliko hayo yalihitaji intaferoni gama kutoka kwa seli T. Mwaka 2020 watafiti wa Melbourne na Nantes wakaonyesha kwamba baada ya nimonia kali, makrofaji mpya zilikuwa goigoi katika kumeza bakteria kwa wiki nyingi. Mwaka huohuo London ikaripoti kwamba makrofaji zilizotoka kwenye monosaiti baada ya mafua zilitoa IL-6 nyingi na kulinda dhidi ya nimokokasi kwa mwezi hivi, kisha ulinzi ukafifia.

Wanafunzi huniuliza ni ipi ya kuamini. Naziamini zote. Kilichotangulia kilikuwa tofauti, ukali ulikuwa tofauti, na siku ya kupima ilikuwa tofauti.

16. Kwa nini nimonia ya bakteria hufuata mafua?

Panya aliyepewa virusi vya mafua huwa dhaifu zaidi kwa nimokokasi karibu siku ya saba, wakati virusi vimeanza kuisha. Intaferoni gama inayovimaliza virusi hupunguza kipokezi MARCO kwenye makrofaji (swali la 4). Katika baadhi ya nasaba za panya makrofaji nyingi za vifuko hufa kabisa, na zinazobaki hutambaa vibaya. Seli za kuta zilizochubuka humpa bakteria mahali pa kushika. Uchunguzi wa tishu zilizohifadhiwa tangu janga la mafua la 1918 ulionyesha kwamba vifo vingi vilikuwa na nimonia ya bakteria ndani yake, kwa hiyo hili si jambo la panya peke yake.

## Maabara inavyofanya kazi

17. Bakteria huingizwaje mapafuni, na mwitikio hupimwaje?

Kwa matone puani, kwa mrija mdogo kooni, au kwa mvuke. Panya aliyelala kwa nusukaputi akipewa maikrolita 50 puani, sehemu kubwa hufika mapafuni. Aliye macho akipewa maikrolita 10, bakteria hubaki puani. Tofauti hiyo ndogo hutenganisha jaribio la nimonia na jaribio la kuishi puani bila ugonjwa.

Baadaye pafu husagwa na bakteria huhesabiwa kwenye sahani za agari, maji ya kuoshea mapafu hupimwa seli na sitokini (ishara za seli kama TNF na IL-1), na seli hupangwa kwa alama za uso wake: Siglec-F na CD11c kwa makrofaji za vifuko, Ly6G kwa nyutrofili.

18. Inajulikanaje kwamba seli fulani ndiyo iliyofanya kazi?

Kwa kuiondoa. Makrofaji za vifuko huuawa kwa vitone vya mafuta vyenye klodronati, kemikali inayoziua zikivimeza, nyutrofili kwa kingamwili dhidi ya Ly6G. Kila njia ina kasoro. Seli zinazokufa kwa wingi huleta mwako wake zenyewe, na kingamwili ya zamani ya Gr-1 iliua pia monosaiti, kwa hiyo baadhi ya sifa zilizopewa nyutrofili hazikuwa zake.

19. Kwa nini maabara mbili hupata majibu tofauti kwa jaribio lilelile?

Mara nyingi si jaribio lilelile. Mbali na dozi (swali la 6), panya wa nasaba ya BALB/c huvumilia nimokokasi ambaye huwaua wa nasaba ya CBA/Ca. Aina ya kapsuli hubadilisha ugonjwa. Saa ya siku pia: watafiti wa Manchester walionyesha kwamba seli za njia ya hewa zina saa ya ndani inayopanga utoaji wa CXCL5, hivyo nyutrofili zinazoitwa mchana si sawa na za usiku.

Halafu kuna usafi. Panya wa maabara hulelewa bila vimelea, na mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba kinga yao inafanana na ya mtoto mchanga, ilhali kinga ya panya wa madukani inafanana na ya mtu mzima. Tunaposoma matokeo ya panya hawa safi tukiwawaza watu wa Kilifi au Kigoma, ambao miili yao imekutana na mengi tangu utotoni, inabidi tuwe waangalifu.

20. Panya hawateseki?

Nimonia inaumiza, na hakuna sababu ya kuficha hilo. Tangu 1959 msingi unaofuatwa ni wa Russell na Burch: badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, punguza maumivu. Majaribio mazuri hayangoji panya afe. Uzito na joto la mwili hupimwa, na panya aliyevuka kiwango kilichokubaliwa huondolewa kwa njia isiyo na maumivu.

## Panya na sisi

21. Matokeo haya yanamfaa binadamu?

Kanuni nyingi zinavuka: vipokezi vya Toll, IL-17, GM-CSF, makrofaji zinazojizalisha palepale. Maelezo hayavuki yote. Panya hana jeni la CXCL8, mwitaji mkubwa wa nyutrofili kwa binadamu. Nyutrofili ni kati ya asilimia 10 na 25 ya seli nyeupe za damu yake, kwetu ni 50 hadi 70, na za kwake hazina difensini, protini za kuua vijidudu, ambazo zimejaa kwenye zetu. Makrofaji zake hutoa oksidi ya naitriki kwa wingi kuliko zetu. Pafu lake la kushoto ni tundu moja na la kulia ni manne.

Chanjo ya nimokokasi ni mfano wa kuvuka vizuri. Kwamba kingamwili dhidi ya kapsuli humfanya bakteria amezwe lilionekana kwa wanyama mapema sana, na Kenya ilipoanza kuwachanja watoto mwaka 2011, ufuatiliaji wa Kilifi ulionyesha ugonjwa mkali wa aina zilizomo kwenye chanjo ukishuka sana.

22. Panya wa nyumbani anaweza kuniambukiza nimonia?

Nimokokasi huishi puani na kooni mwa watu, hasa watoto wadogo, na hupita kutoka mtu hadi mtu. Panya wana bakteria wao wa mapafu, kama *Mycoplasma pulmonis*, asiyetusumbua. Hatari za panya ni nyingine: tauni kupitia viroboto, na leptospira kupitia mkojo, ile homa ya mgunda iliyotajwa sana Lindi mwaka 2022, ambayo inaweza kufikia kutoa damu mapafuni.

23. Panya buku wa Morogoro wanaonusa kifua kikuu huambukizwa?

Kazi yao haihusiani na majaribio yaliyoelezwa hapa. Panya buku wa shirika la APOPO, wanaofundishwa kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hunusa makohozi ambayo bakteria wake wameshauawa kwa joto. Harufu hubaki, uhai wa kijidudu haupo. Sampuli ambayo panya ameionyesha hurudiwa kupimwa maabara kabla mgonjwa hajaambiwa chochote.